Mtaa wa Kiti Kimoja

Kuna watu wanaodhani mchoraji akitaka kuonyesha kitu kiko mbali anakichora kidogo, basi, kazi imekwisha. Waache na dhana yao. Mwanamke ninayetaka kuwasimulia alikuwa fundi wa mandhari kwenye ukumbi wa maigizo, huo ukiwa mwaka wake wa kumi na saba, na yeye angewaambia kwamba umbali haukai kwenye picha hata chembe. Umbali unakaa kwenye kiti cha anayetazama. Wenzake walimwita Kifutio, maana katika kila mistari minne aliyochora mitatu aliifuta, na jina likamganda mpaka mama yake mzazi akawa analitumia akikasirika.

Kazi aliirithi kwa baba yake, na huyo naye alikuwa na jina lake la karakana: Rula. Miaka thelathini mzee Rula alichora mitaa, nyua na barabara za ukumbi ule, na miaka yote hiyo alikuwa na utaratibu mmoja. Kabla kopo la rangi halijafunguliwa alishuka wanakokaa watazamaji, akapita katikati ya viti vitupu, akauliza kwa sauti, "Mtaa huu ni wa nani?" Alikuwa anauliza kiti. Akishakichagua, alisimamisha fimbo kwenye mgongo wa kiti hicho, akapima usawa wa jicho la mtu aliyekaa, akafunga uzi mweupe hapo, kisha akauvuta moja kwa moja mpaka kwenye turubai la nyuma ya jukwaa. Pale uzi ulipogusa alipigilia msumari. Msumari huo ndio ulikuwa mwisho wa dunia. Kingo za mapaa, vizingiti vya madirisha, mitaro, mawe ya njia, kila kilichokwenda mbali kilikimbilia msumarini: vilivyo juu ya jicho vikishuka, vilivyo chini ya jicho vikipanda. Ukikaa kwenye kiti chenyewe, jukwaa la hatua kumi na mbili linakuwa mtaa wa kutembea nusu saa. Ukikaa kwingine utaona mtaa pia, lakini wa kuazima.

Katika siku zake kiti kilikuwa kilekile: safu ya tatu, katikati, kiti cha mgeni rasmi. Hakuna aliyebisha.

Kisha macho yakamgeuka. Presha ya macho, daktari alisema, ile inayokula pembeni kwanza na kuacha katikati mwisho. Mzee Rula akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: uso wako anauona, mkono unaompa hauoni. Akastaafishwa, nafasi akapewa binti yake, na hapo ndipo walipokosana. Mkuu wa ukumbi alitaka mandhari ipendeze viti vyote, na Kifutio, akiwa bado mgeni wa cheo, alikubali. Akapigilia misumari mitatu badala ya mmoja, akalegeza mistari, akachora mitaa mipole isiyomkera mtu. Mzee alikuja mara moja, akakaa robo saa, akatoka. Nyumbani akasema, "Umechora mtaa wa kila mtu. Mimi sikuwamo." Miaka sita hakutia mguu pale tena, na binti yake kwa miaka sita akajitia hamnazo, kama vile halijamuuma. Lilimuuma sana.

Mwaka huo daktari akawaambia kwamba bomba nalo linaziba. Miezi, alisema, hakusema mingapi. Kuanzia siku hiyo Kifutio akawa na haja moja tu duniani: baba yake auone mtaa mmoja wa mkono wake, mtaa wa kweli, kabla giza halijakutana katikati.

Bahati ikaja na igizo jipya. Mwongozaji alitaka mtaa mrefu wa asubuhi, usio na watu, usioisha. Onyesho la kwanza lingekuwa saa tisa alasiri. Kifutio akaenda kwa wazazi wake siku ya mapumziko, akamkuta mzee mezani na chai yake. Akatoa uzi mfukoni, akainama kama anayeokota kitu, akakanyaga ncha moja sakafuni na kuupandisha uzi polepole kando ya shavu la baba yake, upande asikoona kitu.

"Unanipima," mzee akasema bila kugeuka.

"Sikupimi, baba. Kuna uzi umening'inia kwenye kola yako."

"Kola siku hizi iko juu ya pua?"

Mama, aliyekuwa anakata vitunguu dirishani, akaingilia. "Mwache akupime. Huenda anakushonea suti."

"Suti ya kwenda wapi? Hawa wananipima jeneza."

"Jeneza mtu anapimwa amelala," mama akasema. "Wewe kunywa chai."

Mgongo wa mzee ulishajikunja, shingo ikatangulia mbele, na jicho lake likashuka vidole vinne chini ya pale lilipokuwa siku za kazi. Kifutio akafunga fundo kwenye uzi, akaurudisha mfukoni, akakaa.

"Mwezi wa pili kutoka sasa tuna onyesho la alasiri," akasema.

"Mimi na viti vya watu wote tulishaagana."

"Kuna kiti karibu na mlango wa pembeni. Hapo hakuna ngazi."

Ngazi ndizo zilikuwa kisingizio chake kikubwa. Magoti yalikuwa yamemkataa, na viti vya ukumbi vilishuka ngazi kwa ngazi kuelekea jukwaani. Mlango wa pembeni, mkono wa kushoto, ulifunguka kwenye kibaraza kidogo kilicho sawa na sakafu ya jukwaa, mahali ambapo wahudumu walisimama kukata tiketi.

"Sibebwi kama gunia," mzee akasema.

"Hubebwi. Unaingia kwa miguu yako na kutoka kwa miguu yako."

Mzee akazungusha kikombe. Akakitafuta kisahani kwa vidole, akakipata. "Basi nitakuja kwa ajili ya mama yako," akasema. "Yeye ndiye anayependa maigizo."

Mama hakuwahi kumaliza igizo hata moja akiwa macho, lakini siku hiyo alijua la kufanya. Aliendelea kukata vitunguu.

Kesho yake asubuhi Kifutio aliingia ukumbini kabla ya wenzake. Taa hazijawashwa, viti vimejikunja safu kwa safu, na mwanga unadondoka kutoka kwenye vioo vya juu ukiwa na vumbi la chaki ndani yake. Akauliza kwa sauti, "Mtaa huu ni wa nani?" Hakuwa amewahi kuuliza kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. Akachukua kiti cha mbao kutoka karakana, akakipeleka kwenye kibaraza cha mlango wa pembeni, akasimamisha fimbo, akashusha uzi wake wenye fundo mpaka ukagusa sakafu. Kisha akavuta uzi mpya kutoka pale penye fundo hadi kwenye turubai. Msumari ukaangukia kushoto kabisa, karibu na ukingo, mahali ambapo hakuwahi kuona msumari ukumbini humo. Akaupigilia.

Basi ikaanza miezi miwili ambayo hata yeye baadaye hakuweza kuieleza vizuri. Alikuwa anachora mstari jukwaani, anakimbilia kwenye kiti, anakaa, anajikunja mpaka jicho lake lifike kwenye fundo, anafumba jicho moja, anatazama. Anarudi, anafuta. Chaki ikamjaa kwenye nyusi na ndani ya viatu. Nyumba zikaanza kutokea moja moja, mbao zilizokatwa na kupigwa rangi, kubwa mbele na ndogo nyuma, na kati yake njia yenye mtaro mwembamba wa maji. Madirisha yakafunguka nusu. Kamba ya nguo ikavuka kutoka ghorofa hadi ghorofa, shati moja jeupe juu yake. Kila alipokaa kwenye kile kiti mtaa ulikuwa umeongezeka urefu, hata siku ambazo hakuuongeza. Kuna asubuhi alisinzia pale kitini brashi mkononi, akajiona anatembea mtaani humo bila viatu, mawe yana ubaridi, na mbele yake mtu anayemjua kwa mgongo tu anakwenda bila haraka. Akazinduka. Mtaa ulikuwa palepale, na kwa dakika nzima hakujua upande upi ndio wa kuota.

Seremala wa karakana, mtu mwenye maneno mengi na nyundo isiyokosea, ndiye aliyegundua. Alisimama katikati ya ukumbi mikono kiunoni.

"Kifutio, nyumba zako zimelewa. Zote zinaegemea kushoto kama zinatafuta choo."

"Njoo huku."

Akampandisha kwenye kibaraza, akamkalisha, akambonyeza kichwa chini. "Zaidi. Hapo. Fumba jicho."

Yule bwana akatazama. Akavua kofia. Baadaye akauliza, "Nani atakaa hapa?"

"Baba."

"Na mkuu akikaa katikati?"

"Ataona nyumba zimelewa."

"Atakufukuza."

"Labda."

Seremala akavaa kofia yake. "Basi asione mapema," akasema. Kuanzia siku hiyo pazia likawa linafungwa kila mkuu wa ukumbi alipokaribia, na seremala anamzuia kwenye ngazi kwa uso wa msiba: rangi haijakauka, mkuu. Rangi ile haikukauka kwa siku tisa. Mkuu alikuwa mtu wa mikutano, hakujua habari za rangi, akameza.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mapema. Kifutio alijibanza pembeni ya jukwaa, jicho kwenye upenyo wa pazia. Aliwaona wazazi wake wakiingia kwa mlango wa pembeni, mama mbele na mkoba wake, mzee nyuma na mkongojo, suti ya zamani imemzidi mabega. Mzee akapapasa mgongo wa kiti. Alikuwa ndio kwanza anataka kukaa, bado kiganja kimoja tu akae, pale mgeni rasmi alipoingia kwa mlango uleule akiwa na mkuu wa ukumbi.

Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mrefu, jaji mstaafu, na kosa lake lote siku ile lilikuwa adabu njema. Akasimama. "Huyu si yule mzee aliyekuwa anachora hapa?" Mkuu akathibitisha. "Na mnamweka mlangoni?"

"Nimetengewa hapa," mzee akasema.

"Haiwezekani. Wewe ulituchorea mitaa miaka yote ile, leo ukae na wakata tiketi? Chukua kiti changu. Mimi nitakaa hapa."

Ningekuwa mimi ningepiga kelele. Kifutio hakupiga, kwa sababu fundi wa mandhari hatokezi kichwa mbele ya pazia hata nyumba ikiungua. Alitazama tu. Wahudumu wawili wakamshika mzee makwapani, wakamshusha ngazi miguu ikielea, na yule aliyeapa kwamba habebwi akabebwa mchana kweupe, kwani nani anamkatalia mgeni rasmi heshima mbele ya watu mia tatu? Wakamkalisha katikati ya safu ya tatu, mkuu upande mmoja, mama upande mwingine. Jaji akakaa kwenye kiti cha mbao kwa unyenyekevu wake wote. Taa zikazimwa. Pazia likafunguka.

Kifutio aliona kila kitu kutoka pembeni. Aliona mkuu akiinamisha kichwa kulia, kisha kushoto, kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. Aliona watu wa katikati wakinong'onezana. Na alimwona baba yake. Mzee alikuwa ameziba jicho moja kwa kiganja, kidole gumba cha mkono wa pili kimesimama mbele ya uso, na anakisogeza polepole, nyumba kwa nyumba, kipande kwa kipande, kiasi bomba lake linavyoruhusu. Muda mrefu. Halafu akamwegemea mama na kusema neno moja. Kifutio hakulisikia, lakini alilijua kwa midomo, kwa kuwa alikuwa analisikia tangu utotoni. Amekosea.

Hapo moyo ukamwisha. Alikaa juu ya kopo la rangi nyuma ya nyumba ya kwanza, kwenye upande wa mbao usiopakwa kitu, na alilia bila kutoa sauti kwa sababu waigizaji walikuwa wanapita. Miezi miwili, msumari mmoja, kiti kimoja, na kwenye kiti hicho amekaa jaji.

Wakati wa mapumziko mkuu wa ukumbi alikuja mbio.

"Mtaa umepinda. Umepinda wote, mwanzo mwisho. Nimekaa na mzazi wako, nimeona aibu mimi. Kesho saa mbili asubuhi unafuta na kuchora upya, viti vyote, kama tulivyokubaliana. Na baada ya hapo tutazungumza habari ya kazi yako."

"Sawa, mkuu," Kifutio akasema. Hakujieleza. Maneno ya mkuu yalimpita kama ya mtu anayeongea chumba cha pili.

Mkuu hajafika mbali, seremala akatokea. "Njoo uone. Mzee wako ameanzisha vurugu."

Alikwenda kwenye upenyo. Huko chini mzee Rula alikuwa ameinuka. Alikuwa amehama kiti kimoja kwenda kushoto, amekaa, ameziba jicho, ametazama. Akainuka tena.

"Samahani mwanangu, nipishe kidogo. Dakika moja tu."

Kijana wa watu akampisha. Mzee akakaa, akatazama, akainuka. Kiti kinachofuata kilikuwa na mama mwenye kilemba kikubwa. "Samahani dada." Nyuma yake mama yake Kifutio alifuata na mkongojo, mkoba na msamaha, akigawa huo msamaha kwa kila mtu waliyempita.

"Mzee, umepoteza nini?" mtu mmoja akauliza.

"Kiti."

"Si uko nacho hicho?"

"Si hiki," mzee akasema. Kisha akamgeukia mkewe, na kwa kuwa wasioona vizuri hudhani na wengine hawasikii vizuri, akasema kwa sauti iliyofika jukwaani. "Fundi mbovu anakosea ovyo. Hapa paa linapanda, pale dirisha linazama. Huyu amekosea kwa kipimo kimoja kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Mtu hakosei namna hiyo. Huyu kuna mahali anapatazama."

"Patazame ukiwa umekaa," mama akasema. "Watu wanatucheka."

"Wacheke."

Kifutio alishika pazia kwa mikono miwili. Baba yake alisonga kiti kwa kiti, na yeye alijua bila kuambiwa anachokiona: kila kiti nyumba zinasimama kidogo, zinajikusanya, zinaacha ulevi. Alifika mwisho wa safu. Mbele yake zilikuwa ngazi mbili za kupanda kibarazani. Mhudumu akaja kumshika kwapa, mzee akamsukuma mkono. Akashika ukuta. Ngazi ya kwanza. Akapumzika, mdomo wazi. Ngazi ya pili. Akasimama mbele ya mgeni rasmi akihema, akamtafuta uso kwa lile bomba lake, akaupata.

"Mheshimiwa, naomba unipishe."

Mkuu wa ukumbi, aliyekuwa anarudi kwenye nafasi yake, alishika kichwa. Lakini yule jaji aliinuka mara moja, tena anacheka. "Kiti hiki kina mambo yake," akasema. "Tangu mwanzo najikuta najikunja bila kujua sababu. Nikinyooka mtaa unavunjika, nikijikunja unarudi. Sijawahi kuona mtaa wa namna hii."

Mzee akakaa. Yeye hakuhitaji kujikunja. Mgongo ulishafanya kazi hiyo miaka mingi. Akaziba jicho kwa kiganja, akakaa hivyo. Akakishusha kiganja. Kisha mkono ukapanda wenyewe, ukamgusa shavuni, kando ya jicho, pale uzi ulipopita asubuhi ile ya chai, na ukabaki hapo.

Kengele ikalia, taa zikafifia. Sehemu ya pili waigizaji waligombana, wakalia, wakapatana, yeye hana habari nao. Alikuwa anatazama katikati yao, nyuma yao, kule nyumba zinakokwenda kuwa ndogo. Kwa mtu mwenye macho mazima ule mtaa ulikuwa mzuri. Kwa mtu aliyebakiwa na tundu moja la kuonea, na mistari yote ya dunia inaelekea kwenye tundu hilo, sijui ulikuwaje. Mama hakulala siku hiyo. Alikuwa anamtazama mumewe.

Watu walipotoka, mlango wa pembeni uliachwa wazi na jua la jioni likaingia mpaka kwenye miguu ya kiti. Mkuu alikuwa nje anapokea sifa za jaji, hajui azikubali au azikatae. Kifutio akapita kwenye kijia cha pembeni mpaka kibarazani.

"Baba."

"Nyamaza kwanza."

Mama akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Kwa nini hukuniambia?" mzee akauliza baada ya muda.

"Ungekataa kuja."

"Ningekataa," mzee akakubali. "Mkuu wako anasemaje?"

"Nifute kesho asubuhi."

"Ukumbi ni wake. Ana haki yake." Akapapasa mkongojo. "Mimi nimekuwa mjinga miaka sita, mama. Nimekuwa mjinga na nilikuwa na macho." Mama, ndivyo alivyomwita binti yake alipokuwa mdogo, akimpenda sana. Mzee akasimama. "Nipitishe jukwaani. Kisha urudi ukae hapa kwenye kiti changu. Ushuke mpaka kwenye jicho langu, uniangalie."

Alimpitisha kwenye kijia, akamwacha mwanzoni mwa mtaa, akarudi. Akakaa. Akajikunja mpaka mgongo ukamuuma, na mtaa ukafunguka mbele yake, mrefu, mtulivu, shati jeupe juu ya kamba, mtaro ukimetameta kwa rangi tu.

Mzee alianza kutembea. Mkono mmoja mkongojoni, mwingine ukipita juu ya kuta kama mtu anayesoma.

"Hapa ulifuta mara ngapi?"

"Mara saba."

"Inaonekana," akasema. "Pamekaa."

Akaendelea. Siku zote za mazoezi hakuna mwigizaji aliyeruhusiwa kupita nyumba ya tatu, kwa sababu huko nyuma nyumba zinapungua na mtu hapungui. Kifutio alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alizikata mwenyewe zile nyumba, vimo vyake anavyo kichwani. Kujua hakukumsaidia kitu. Kwenye nyumba ya kwanza baba yake alikuwa mzee aliyejikunja, amezidiwa na suti. Kwenye ya tatu kichwa chake kilifika dirisha la juu. Kwenye ya tano paa lilimgusa bega, akawa anatembea kati ya mapaa bila haraka, na kila hatua iliyompeleka mbali naye ilimwongeza ukubwa. Tangu siku ile ya daktari Kifutio alikuwa anajiandaa kimyakimya kumwona akipungua, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka abaki nukta. Alikuwa ameshajiandaa. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Baba, mbele yako ndio mwisho."

"Najua."

Mzee akainama, vidole vikatambaa juu ya turubai vikaupata msumari, vikasimama hapo.

"Nimefika," akasema bila kugeuka.

Mama aliacha kutafuta alichokuwa anatafuta mkobani. Kifutio hakusogea, hakunyooka, wala hakufuta machozi, kwa kuogopa kulitoa jicho mahali pake. Mapaa yalikuwa yamefunikwa, na anga, na njia yote ya nusu saa aliyoichora kwa miezi miwili. Kulikuwa na mgongo wa baba yake tu, mkubwa kuliko mtaa, na hakutafuta kuona kitu kingine.